Rangi Kwenye Cheni ya Papa

Kuna mlio ambao nikiusikia asubuhi, mkono wangu huacha chochote ulichoshika. Ni mlio wa cheni iliyolegea ndani ya injini baridi. Gari likiwashwa tu, linatoa sauti kama ya mtu anayetikisa mahindi makavu ndani ya debe. Kisha oili inapanda, mlio unatulia, na mwenye gari anasema kwa furaha, "Si unaona? Limenyamaza lenyewe." Juzi niliusikia hapa Mbarara, katika gereji ninayofanyia kazi, kwenye gari la maziwa lililotoka Bwizibwera. Nilimwomba mwenzangu aendelee peke yake, nikaenda kusimama nyuma ya matairi chakavu hadi macho yakakauka.

Niwaambieni mapema, nyinyi mnaonisoma, kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Ufundi sikufundishwa na mwalimu. Niliupata kwa kutazama, kwa kuharibu, na kwa video za simu. Boliti moja naikaza, naiacha, narudi kuikaza tena. Nikifika nyumbani nalala nikiifikiria. Wenzangu wameniita Rudia, na kwa miaka mingi nilijivunia jina hilo, kwa sababu niliamini tabia hiyo nimeirithi kwa Papa, baba yangu.

Tuliishi Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Papa alitoka Uvira, Kongo, na katika yote aliyoyaanza upya ukimbizini, alichokipenda zaidi kilikuwa gari dogo jeupe, kuukuu, la kubebea watu na mihogo hadi Kabingo na Mbarara. Wajawazito wa mtaa mzima walilijua gari hilo. Kwa hiyo lilipoanza kupiga kelele, halikuwa jambo la nyumba yetu peke yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Mbarara, tumbo limevimba na mikono imekonda kama ya mtoto. Siku moja Papa alikwenda kumwona, akarudi jioni, akabaki ndani ya gari bila kulizima. Nilingoja, kisha nikaenda kugonga kioo.

"Daktari anasema tumulete Mama nyumbani," akaniambia. "Lakini cheni hii haitafika Mbarara tena. Nitaibadilisha kwanza."

Niliruka kwa furaha. Kwa mtoto, kutoka hospitalini ni kupona. Nilizunguka nyumba za jirani nikiitangaza habari hiyo, na watu wazima waliponiangalia kwa huruma nilidhani wananionea huruma kwa vumbi lililonijaa miguuni.

Asubuhi yake Papa alitandika turubai uani, akamwaga oili, akaanza kufungua. Watu wakaja. Walileta vigoda, wakaleta viazi vitamu na chai, wakakaa kulizunguka gari wakiongea kwa sauti ya chini. Jirani yetu Mama Zawadi, mama mnene asiyeweza kuvumilia kimya, alipowaona alishika kiuno.

"Bantu munakaa sawa ku matanga! Gari haiyakufa, iko mugonjwa tu!"

Watu walicheka, wengine hadi wakafuta machozi. Papa hakucheka. Kwetu matanga ni kukaa na waliofiwa, na watu huwa hawaitwi kuja matanga. Wanajua wenyewe kwamba saa yake imefika.

Papa alikuwa na namna yake ya kazi. Alichukua katoni, akachora juu yake uso wa injini kwa mkaa, na kila boliti aliyoitoa aliichomeka kwenye katoni mahali palepale ilipotoka. Kazi yangu ilikuwa kuishika katoni hiyo kuku wasiipindue. "Boliti iko na fasi yake," aliniambia. "Ukiipeleka ku fasi ya mwenzake, italia."

Aliyemsaidia alikuwa Evarisiti, jirani wetu Mrundi tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, mtu wa misa za alfajiri na mizaha ya mchana kutwa. Wawili hao walitoa kifuniko cha mbele, na hapo nikaiona cheni yenyewe, nyeusi, inayong'aa, inayounganisha gurudumu la meno la chini na yale ya juu ili injini ivute pumzi na kuitoa kwa wakati wake. Cheni mpya ilikuwa na pingili chache zilizopakwa rangi ya machungwa. Pingili hizo zinakalishwa juu ya vidoa, alama ndogo zilizochongwa kwenye magurudumu hayo. Zikikaa sawa, kila kitu ndani ya injini kinakuwa sawa.

Zilikaa sawa. Papa alitia spana chini, akazungusha injini kwa mkono, taratibu, mzunguko wa kwanza na wa pili, kuhakikisha hakuna kinachogongana. Vidoa vya magurudumu vikarudi mahali pake.

"Sha, imekaa!" alisema Tonton. "Tufunge, tukanywe."

Papa aliinama, akatazama muda mrefu. "Hapana. Rangi zimehama. Angalia, haziko tena ku vidoa."

Kweli zilikuwa zimehama. Tonton alifungua mdomo, akamtazama Papa usoni, akaufunga. Kisha akachukua spana, wakaitoa cheni.

Kesho yake vilevile. Wakaikalisha, wakazungusha, rangi zikahama, wakaitoa. Siku zilizofuata waliokuja na vigoda wakapungua. Dereva mmoja wa Kabingo, Munyankole mpole, alikuja kujitolea. "Mzee, mimi nitapeleka wewe Mbarara bure kabisa. Mama atalala kwa siti ya nyuma."

"Webare," Papa alimshukuru kwa lugha yake. "Lakini mama wa batoto atapanda gari yake."

Nilimwona Papa kuwa fundi bora duniani. Fundi mwingine angefunga tu.

Kisha Mama akapiga simu. Simu ya Papa ilisikika kwa spika tu, kwa hiyo sote tulisikia.

"Papa Neema," alimwita kwa jina langu, "gari ingali wazi?"

"Ingali."



"Funga," Mama alisema. "Nataka kulala kwangu."

Papa aliweka simu juu ya kiti cha gari. Akaikalisha cheni, akazungusha mara mbili, akapaka gundi ya kuzibia, akachukua kifuniko. Mimi nikapiga kelele: "Papa, rangi! Hauyaangalia rangi!"

"Ziko sawa," alisema, bila kuangalia.

Mama alilala kwake. Alifariki kabla hatujavuna maharage.

Miaka ikapita, nikawa fundi. Siku moja nilikuwa natazama video ya kubadilisha cheni, na fundi wa kwenye video akawacheka wanaoanza kazi. Alisema rangi ni za kukalishia tu. Ukishazungusha injini lazima zihame, maana cheni ina pingili nyingi kuliko meno. Utazungusha hadi mkono ufe ganzi kabla hazijarudi. Unaangalia vidoa vya magurudumu, basi. Nilizima simu. Kumbe Papa hakujua, nikajiambia. Siku zote zile Mama alitungoja kitandani kwa sababu ya kitu ambacho fundi mchanga anakijua. Papa naye alikuwa ameshafariki, sikuwa na wa kumuuliza. Niliukasirikia udongo wake, na sikumwambia mtu.

Mwishowe nilikwenda Misiera kumwuliza Tonton Evarisiti. Sasa ni mzee, meno machache, mizaha imebaki yote. Lakini nilipomtajia rangi hakutania.

"Ewe Neema," alisema. "Nani alinifundisha mimi kwamba rangi zinahama? Si ni yeye? Alifunga cheni ya gari kama ile mbele yangu, akaniambia, usizitafute tena rangi, Evarisiti, zimemaliza kazi."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Daktari alimwambia hakuna dawa tena. Injini ikiwa wazi, mke wake angali mgonjwa wa hospitali. Akiifunga, anakwenda kumleta afe. Ningemwambia nini?"

Sijawasimulia safari yenyewe. Mama alilala siti ya nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, kizito kuliko mwili wote. Tulipotoka mjini aliuliza gari lilikuwa na nini siku zote hizo.

"Rangi za cheni," Papa akasema. "Zilikuwa zinahama."

Mama, aliyekuwa akimshikia Papa spana tangu Uvira, miaka na miaka kabla sijazaliwa, alicheka hadi akakohoa. Akanyoosha mkono, akauweka shingoni mwa Papa, akauacha hapo. Papa aliendesha polepole mno, pikipiki zilitupita, lori la matoke likatupita, hata baiskeli moja ilitupita kwenye mteremko. Nilidhani anaogopa mashimo. Siku hizi naipita barabara hiyo mara kwa mara. Hadi Kabingo ni lami tupu, laini, haijawahi kuwa na shimo.