Jina Nililotajiwa Nikicheza Gemu

Kabla hujaniuliza: sikuwa nimekunywa, sikuwa na malaria, na ilikuwa saa tisa alasiri. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kunichunguza macho. Chunguza tu. Haya yalinipata mimi, mwaka ule wa rashi ya dhahabu kule juu ya Nyarero, watu walipoacha mahindi shambani wakakimbilia mawe.

Mimi sikuchimba. Nilikuwa na kibanda cha mabati pale kambini, nachaji simu kwa sola na kuwawekea watu nyimbo kwa kompyuta yangu kuukuu. Mchana wachimbaji wakiwa chini, sikuwa na kazi. Nikawa nacheza gemu aliyonipa rafiki yangu wa Tarime mjini kwenye flashi.

Gemu yenyewe ni hivi: unachagua mtu wako, unampeleka mapangoni akaue mazimwi, na kila akishinda unapewa pointi za kumwongezea uwezo. Wenzangu wote walichagua mtu wa upanga. Mimi nikachagua mchawi. Mchawi wangu hapigani mwenyewe. Anainua mifupa ya waliokufa, inasimama, inampigania. Ikivunjwa, anaiinua tena. Kila pointi niliyopata nilitia huko, mpaka nikawa na mifupa kumi na miwili, na mchawi mwenyewe akabaki dhaifu, akiguswa mara mbili amekufa. Nikajiona mjanja. Wafanyakazi kumi na wawili, hawali, hawalali, hawalalamiki!

Mjanja gani? Niamini, hakuna kitu kilichowahi kunitia hasira kama mifupa ile. Nikikimbilia kushoto, yenyewe inakwenda kulia. Mlango ukiwa mwembamba, inakwama yote mlangoni, mimi nimefungiwa ndani na zimwi. Popo mmoja akipita, yote kumi na miwili inamkimbiza popo, huku nyuma mimi nakanyagwa. Wiki tatu nzima nilikuwa kwenye zimwi la mwisho, lilelile. Unaijua hasira ya kushindwa na kitu ambacho hakipo? Unatamani kuipiga kompyuta kofi, halafu unakumbuka ndiyo inayokulisha.

Siku hiyo mambo yalianza kuninyookea. Zimwi lilikuwa limebakiza nusu ya uhai wake. Mtu akaingia, akaketi kwenye benchi kushoto kwangu.

"Habari za kazi, kaka."

"Salama," nikajibu bila kugeuka. "Umeleta simu?"

"Sina simu."

"Basi kaa."

Nilimwona kwa pembe ya jicho tu: kijana, shati la bluu lililokatwa mikono, matope mekundu mpaka kifuani. Nikadhani katoka shimoni kupumzika. Akawa anaangalia kioo pamoja nami.

"Hao ni nani?" akauliza.

"Wafu. Nawaita, wananifanyia kazi."

"Wakifa tena?"

"Nawaita tena."

"Hawarudi kwao?"

Nikacheka. "Kwao wapi, kaka? Hii ni gemu."

Hapo ndipo mifupa iliposimama. Yote, kwa mara moja. Ikaliacha zimwi, ikageuka, ikawa inatazama nje ya kioo. Haikuwa inanitazama mimi. Ilitazama kushoto, kwenye benchi. Nimecheza gemu ile miezi, sijaiona ikifanya hivyo kabla wala baadaye. Nami, mjinga wa wajinga, niliwaza nini? Niliwaza kompyuta imeganda.

"Wamefanyaje hawa!" nikawa nagonga vitufe.

"Wamechoka," akasema. "Hata mimi nilichoka."

Halafu akaanza kuongea. Na hapa, msikilizaji wangu, ndipo panaponichoma mpaka leo. Alinitajia jina lake. Naapa alilitaja, lake na la baba yake, polepole, kama mtu anayeandikisha zahanati. Akasema kwao ni Kisaka. Akasema mama yake yupo, aambiwe asiendelee kumngoja. Akanielekeza na nyumba, ukishapita kitu fulani. Kitu gani? Kisima? Kanisa? Mimi macho kwenye kioo, nasema, "Ee. Ee, kaka. Ngoja kidogo."

Akarudia. Mara ya pili yote, jina, baba, nyumba.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Sikuwa nimemsikia. Zimwi likampiga mchawi wangu, mara ya kwanza, mara ya pili, akafa. Nikapiga meza, nikageuka kumkaripia: "Ona sasa umeniharibia!"

Benchi tupu. Kibanda kile kilikuwa na mlango mmoja, na huwezi kuufikia bila kunisukuma bega. Hakuna aliyenisukuma. Kwenye benchi palikuwa na alama ya mtu aliyeketi, matope mekundu mabichi, yanatoa ile harufu ya udongo wa chini sana. Na ilikuwa kiangazi, maji tunanunua kwa dumu, matope utayatoa wapi? Nilisimama nikiyatazama. Lakini nikajiambia nimekaa sana kwenye kioo. Nikafuta benchi kwa kitambaa, nikaanza gemu upya.

Siku mbili baadaye alikuja Mwita, msimamizi wa duara moja, yaani shimo la kuchimbia. Alikuwa anahema.

"Mura, kijana, watu wote wanapita kwako. Njoo uone kama unamjua huyu."

Walikuwa wanachimba duara jipya, wakatoboa ukuta wakaingia kwenye la zamani, lililoporomoka wakati wa masika. Ndani wakamkuta mtu. Uso haukuwa uso tena. Lakini shati nililiona. Bluu, limekatwa mikono.

Nikakaa chini palepale kwenye kifusi.

"Alifika wakati wa mvua, akafanya kazi siku chache," Mwita akasema. "Tulimwita Serengeti tu, kwa kuwa katoka wilaya hiyo. Alipopotea tukajua kaenda rashi nyingine. Unamjua?"

"Ni wa Kisaka," nikasema.

"Jina?"

Ningemwambia nini? Kwamba juzi kanitajia mara mbili? Polisi walipokuja waliandika hajulikani, na tukamzika kilimani juu ya kambi kama mtu asiye na kwao.

Sikuweza kulala. Wiki iliyofuata nikafunga kibanda, nikapanda gari mpaka Serengeti, nikafika Kisaka, nikamweleza mwenyekiti wa kitongoji. Habari ikatembea. Kabla ya saa sita walikuwa wamenijia akina mama watatu. Kila mmoja alikuwa na kijana aliyeondoka kwenda kwenye dhahabu. Katika vijana hao hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga simu tangu masika.

"Shikamoo mama," nikamwamkia kila mmoja.

Wa kwanza alisema shati la bluu ni la mwanawe, akalia. Wa pili alisema hapana, mwanawe ndiye mwenye shati la bluu. Wa tatu hakulia. Alivuta kigoda, akaketi karibu yangu.

"Unasema alitaja jina la baba yake?"

"Alitaja, mama."

"Basi nitataja majina mimi, wewe sikiliza. Ukilisikia, niambie." Akaanza polepole. "Magesa. Wambura. Nyamhanga. Machota..."

Alitaja majina ya kijiji kizima. Hakuniambia lipi ni la mumewe. Mimi nilikaza masikio mpaka kichwa kikauma, na kila jina lilifanana na lile, na hakuna lililokuwa lile. Alipomaliza akaanza tena mwanzo.

Nimerudi Kisaka mara nne. Yule mama hunikaribisha, hunipa ugali na maziwa, kisha tunayataja. Wale wawili wengine wameshafanya matanga, kila mmoja kwake, kwa mtu yuleyule. Gemu niliifuta. Alasiri naketi kibandani na kompyuta imezimwa, daftari na kalamu mezani, benchi nimeliacha wazi. Hajarudi. Atarudi kwa nini, wakati nilimwambia nimemsikia?

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza huku unachezea simu yako, iweke chini. Mtu akiketi karibu yako akakuambia jina lake, mgeukie. Mwangalie usoni. Liandike.