Kanisa Lenye Ngazi

Kaka yangu hajui kuandika barua, na hili nalisema hata mbele yake. Miaka mitano tangu tuhame Unguja tulikuwa hatujamtia machoni: mimi na mama Matrah, hapa Maskati, yeye baharia kwenye meli za watu. Siku moja akaandika kwamba meli yao inatengenezwa Galisia, pwani ya kaskazini ya Hispania. Tumfuate, kila asubuhi atatungoja katika mji wa kale kando ya bahari, wanakopita mahujaji wa Kikristo, kwenye kanisa lenye ngazi. Basi! Jina la mji, wapi.

Ruhusa ya kusafiri ikachelewa hata tukafika Alhamisi, na meli inaondoka Jumatatu. Mama alikuwa na maradhi ya moyo. Alijua, nami nilijua, kwamba safari nyingine hakuna.

Sasa nenda Galisia ujionee. Kila mji ni wa kale, kila mji una bahari, kila mji mahujaji na fimbo zao na makombe ya baharini shingoni, kila kanisa lina ngazi! Alhamisi tukapanda ngazi, Ijumaa tukapanda, Jumamosi nikawa natukana kimoyomoyo. Na mama hapiti mtu. Kila hujaji amsimamishe, ampe mkono, amuulize hali ya watoto, kwa Kiswahili, na huku basi linatuacha.

"Mama, hawafahamu unalosema!"

"Wanakwenda kuhiji kwa miguu, nami niwapite kama punda? Nna adabu zangu."

Jumapili, mji wa nne, mvua. Kanisa limejaa pomoni, misa imeshaanza. Mama kuingia kanisani hataki, ng'o, mpaka nilipomvuta buibui. Tukakaa benchi la nyuma. Mbele yangu visogo vitupu, vyote sawasawa. Nikasema tungoje, watu wakianza kutoka tusimame mlangoni tumtazame mmoja mmoja.

Padri akaja na chetezo, anafukiza huku na huku. Mama akainuka.

"Twende."

"Unakwenda wapi?"

"Udi umeshapita. Mgeni akishafukizwa anaaga. Unataka mpaka watufukuze?"

Kwetu ndivyo, lakini pale, ya Rabi! Nikamshika mkono, akaukwapua. Watu wanageuka, masikio yangu yanawaka kwa aibu.

"Wallahi mama, umenichosha! Utamkosa mwanao kwa hizo adabu zako. Kaa!"

Maishani mwangu sikuwahi kumpandishia sauti vile. Hakukaa. Alikuwa anatazama mbele.

Katika kanisa zima mtu mmoja mwingine alikuwa amesimama. Safu ya tatu, kofia mkononi, anajipenyeza kati ya magoti ya watu huku akiinamisha kichwa kuomba radhi, anatafuta njia ya kutoka.

Nilianza kulia mimi kabla ya mama. Kaka alikuwa anakuja upande wetu, na bado hajatuona.