Damu ya Kulinganishia

Mama yangu hakubali kushindwa, hasa na kitu chenye waya. Ni mtu wa maabara mwaka wa thelathini na mbili sasa, na kila asubuhi, kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa yeyote, hujitoa damu mwenyewe, akaijaza kwenye kichupa na kuipitisha mashineni. Hiyo ndiyo damu ya kulinganishia. Kwa Mama, mashine isiyokubaliana na damu hiyo ndiyo yenye kasoro.

Mwaka juzi ililetwa mashine mpya ya kutenganisha aina za himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Siku ya kwanza tu, kwa damu ya Mama, ikachora kwenye grafu kilima kidogo mahali ambapo mtu mzima hategemewi kuwa na kitu: himoglobini ya kichanga, ambayo mtoto huzaliwa nayo kisha karibu yote ikaisha anapokua. Mama akaita fundi. Fundi akafungua, akachungulia, akafunga.

"Mama, mashine haina tatizo."

"Kwa hiyo mbovu ni mimi?"

Fundi akakusanya vifaa vyake. Mama akaandika daftarini kwamba mashine ina kasoro. Kwamba damu za wengine zilitoka safi, hilo hakutaka kulisikia.

Kisha binti yangu wa miaka mitatu, tunayemwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, akapimwa baada ya homa kwenye mashine hiyo hiyo. Kilima kile kile. Daktari akaniambia, kwa upole ulionitisha, kwamba huenda ni ugonjwa wa kurithi, wa kuongezewa damu maisha yote.

"Ni lile libati lao la mashine," Mama alisema. "Si nilisema mimi?"

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Tukapeleka damu ya Chiriku hospitali nyingine, yenye mashine ya aina nyingine. Kwa mazoea Mama akaweka na yake pembeni. Majibu yalirudi Alhamisi: vilima viwili, kama mapacha.

Mama alikaa kwenye benchi la wagonjwa, mikono mapajani.

"Nimempa mimi," akasema. "Mwanangu, nimempa mimi."

Nikapimwa na mimi. Ninacho pia. Tukatoa damu ya kipimo cha jeni, tukaanza kusubiri, na zile wiki tatu sitazisimulia. Nilikuwa namfunua Chiriku kope kila saa kuangalia kama wekundu upo, hadi akaanza kunikimbia.

Daktari wa mambo ya urithi alikuwa mwanamke mmoja mnene, mwenye maneno ya haraka. Alituambia kuna familia ya protini zinazoshika uzi wa jeni kwa vikunjo mfano wa vidole, kila kidole kimekazwa na chembe ya zinki. Mmoja wa familia hiyo, KLF1, ana kazi nyingi kwenye damu, na mojawapo ni kusaidia kuzima himoglobini ya kichanga ili ya ukubwani ishike zamu. Sisi watatu tuna nakala moja nzima ya jeni inayoitengeneza na moja yenye hitilafu, kwa hiyo uzimaji haukukamilika.

"Na madhara yake?" niliuliza.

Daktari akamgeukia Mama. "Mama, una miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa."

"Umewahi kuongezewa damu?"

"Wapi! Nimezaa wanne, na kazini nimekosa siku sita tu kwa ugonjwa."

"Basi madhara yake ndiyo hayo. Mtoto hana ugonjwa."

Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Mama akamwuliza maswali matano ya kitaalamu, la mwisho lilikuwa la kwanza limegeuzwa, na alipojibiwa vile vile akamshika daktari mkono asitake kuuachia.

Tulipotoka, bado asubuhi, nilikaa kwenye ngazi za hospitali nipumzike kidogo tu. Nilipoamka ilikuwa saa saba mchana. Kichwa changu kilikuwa kwenye paja la Mama, Chiriku anapiga soga na mlinzi, watu wanatukwepa kupita. Sikuwa nimelala hivyo kwa wiki tatu. Mama alikuwa hajausogeza mguu, ingawa ulishakufa ganzi zamani.