Kona ya Ukuta

Pikipiki ilinipeleka ukutani mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naikwepesha isiende huko.

Msicheke. Najua wapo wataalamu humu kundini wanaosubiri kuniambia sijui kuendesha. Ni kweli, sikujua. Lakini asiyejua huanguka popote. Mimi nilikuwa naangukia palepale alipofia mume wangu.

Mimi ni muuguzi, nawatembelea majumbani kina mama waliojifungua. Kituo chetu kilipata pikipiki, na bosi akasema wazi kwamba asiyeweza kuiendesha atahamishiwa mbali.

Maana yake mwanangu abaki kwa bibi yake, mimi niwe mama wa kwenye simu.

Na njia ya kwenda kazini ni moja tu. Ina kona, na kwenye kona kuna ukuta wa mawe.

Mwalimu wangu alikuwa shemeji, mdogo wa marehemu. Fundi pikipiki, mikono ya dhahabu. Uwanjani alinielekeza vizuri tu: punguza mwendo kabla hujaingia kwenye kona, ukishalala nayo usiguse breki ya mbele, mafuta vuta kidogo kidogo.

Ila akipanda nyuma yangu tukaingia barabarani, anakuwa bubu.

"Shem, niko sawa?"

Kimya.

Nikajua ananidharau. Iliniuma sana.

Siku niliyouparuza ukuta mara ya pili, mama mkwe aliniona nikiingia nachechemea. Akaweka chini beseni la nguo.

"Mwanangu, achana na hilo dude. Mwenzio anakuita."

"Mama, huyo kuita hakuwahi kujua. Alikuwa anabipu."

Akacheka, kisha akalia. Nikaenda chumbani nikalia na mimi, maana nilitania huku nimeshaanza kuamini.

Kesho yake nikamfuata shemeji gereji.

"Leo nikishindwa, naomba uhamisho mwenyewe. Nimechoka."

Akawa anafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, ingawa grisi ilishatoka.

"Ukifika pale, unaangalia wapi?"

"Ukutani! Nisipouangalia nitaukwepaje?"

Akafumba macho.

"Pikipiki inafuata macho, shem. Ukiukazia macho ukuta, unaufuata. Geuza kichwa chote, tazama kule kona inakoishia."

"Sasa mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

Akavaa helmeti, akapanda nyuma.

Tulipofika nikapunguza mwendo, nikainama nayo, nikatazama mbele. Ikaitikia! Nikaanza kutabasamu.

Ndipo lori la mchanga likatokea mbele, limekula nusu ya upande wetu.

Macho yakalirukia lori, yakaruka tena ukutani. Pikipiki nayo ikaanza kuvuta kule kule.

"Barabara!" Shemeji alipiga kelele nyuma yangu, sauti imepasuka. "Angalia barabara! Barabara!"

Nikageuza kichwa. Kati ya lori na ukuta palikuwa na nafasi ya lami, nyembamba lakini ipo. Tukapita.

Nikasimamisha mbele kidogo. Nikasubiri sifa zangu.

Shemeji alishuka, akakaa chini kwenye vumbi na helmeti yake kichwani.

"Siku ile nilikuwa nyuma yake," akasema.

Hilo nililijua. Alitoka na mkono uliovunjika.

"Kaka alikuwa anaikata vizuri, ila mwendo ulizidi kidogo. Nikaogopa. Nikapiga kelele, 'Ukuta! Ukuta!'"

Akaushika ule mkono uliowahi kuvunjika.

"Akageuka kuutazama, shem."

Nilitaka kumpiga. Nawaapia, mkono ulishanyanyuka. Miaka yote hii tumekula naye meza moja, na hili analo kifuani.

Kisha nikaona anahangaika kufungua kamba ya helmeti, haifunguki. Nikainama nikamfungulia. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe. Mpaka leo kuna asubuhi nikimwona roho inanichoma.

Lakini kazini nimebaki, na mwanangu analala kwangu. Ile kona naipita kila siku, kichwa kimegeuka, na ukuta nauona kwa pembeni tu. Mama mkwe hajui, na humu hasomi.

Ninachowaambia ni hiki. Mtu wako akiwa katikati ya kona na wewe umeshikwa na hofu, usimpigie kelele za ukuta. Mwonyeshe barabara.