Mwalimu Aliyemleta Gavana Homa Bay

Habari za kifo chake nilizipata mjini Migori, kwenye foleni ya posta, kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye hajawahi kuniletea habari njema. "Yule mama wenu wa mashairi ya watu weusi ameenda," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuambia basi limeshaondoka. Nilitaka kumuuliza hao "wenu" ni akina nani, lakini nikatoka kwenye foleni bila kununua stempu. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua kwamba siwaandikii wakubwa tanzia. Wakubwa wana redio. Huyu alikuwa mwalimu wa fasihi tu, mzaliwa wa Kendu Bay, mfupi, mwenye kicheko kilichofanana na kikohozi, na ndiye mtu pekee niliyemjua pande hizi aliyeitaja Haiti na Martiniki kama sisi wengine tunavyozitaja Rongo na Oyugis.

Kila darasa jipya lilianza kwa kisa kilekile. Zamani kidogo, kati ya vita vikuu viwili, vijana weusi wa Afrika na wa visiwa vya Karibi walipelekwa Paris kusoma, ili warudi wakiwa Wafaransa. Wakakutana huko, wakaanza kuulizana maswali. Wenzao wa Harlem, kule Marekani, walikuwa tayari wameandika kwamba weusi si doa la kusuguliwa. Vijana wa Paris wakawasoma, wakaanzisha majarida yao, wakaliokota lile tusi la Kifaransa walilotukanwa nalo, ‘nègre’, na kuligeuza jina la harakati yao: Negritudi. Wasichana darasani wakishaandika neno hilo, mwalimu alikuwa akiongeza kwa upole, "Na yote hayo waliyaandika kwa Kifaransa safi, ili aliyewatukana aelewe vizuri kwamba wamekasirika." Aliwapenda washairi wale kwa moyo wake wote, na hakuona kwamba mapenzi yanamzuia kuwacheka.

Mji wetu haukujua umweke wapi mtu wa namna hiyo. Nakumbuka tulivyokwenda saluni pamoja, miaka ile ya tisini mwanzoni, wakati kila mwanamke mwenye mshahara alikuwa akichoma nywele kwa kemikali, mimi nikiwa mmoja wao. Yeye alitaka zake zipunguzwe tu, zibaki fupi kama zilivyoota. Msusi akaweka mkasi chini, akamshika bega.

"Pole sana, Mwalimu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Ni ugonjwa?"

"Mimi ni mzima. Nazipenda hivi."

Msusi akanitazama mimi, kwa kuwa nilionekana ndiye mwenye akili timamu, huku dawa ikinichoma kichwa hadi machozi yananitoka. "Huyu hana mtu wa kumwambia?" akaniuliza. Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta. Tulipotoka aliniambia kwamba washairi wake waliandika kurasa nyingi kuhusu uzuri wa nywele za Mwafrika, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujaribu kuzipeleka saluni Migori.

Kilichomponza ni mchezo wa kuigiza. Aliutunga mwenyewe, akiwa anafundisha katika shule moja ya wasichana Homa Bay: wakata miwa wa kisiwa fulani cha Karibi wanagoma, na gavana Mfaransa anawajia kuwahutubia kuhusu utiifu. Wasichana walikata kibuyu, wakakipaka rangi ya kaki, kikawa kofia ya gavana. Mkuu wa shule, ambaye nadhani hakusoma zaidi ya neno "ukoloni" na kuridhika kwamba jambo hilo lilikwisha zamani, akamwalika mkuu wa tarafa, yaani DO, awe mgeni wa heshima. Bwana DO akaja na sare yake ya kaki iliyopigwa pasi, akaketi mstari wa mbele, na kofia yake ngumu ya jua akaiweka juu ya goti.

Gavana akaingia jukwaani. Watu walitazama kofia ya jukwaani, wakatazama ile ya gotini. Kisha mama mmoja wa nyuma akaangua kicheko, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Msichana aliyekuwa gavana alidhani wanamshangilia, akaongeza sauti: "Nyinyi wananchi watukufu, serikali inajua kilicho kizuri kwenu!" Bwana DO akasimama.

"Simamisha hiyo kitu! Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni gavana Mfaransa, Bwana DO."

"Mfaransa gani anaongea kama baraza ya chifu?"

"Tumemtafsiria ili watu waelewe."

"Mko na leseni ya mchezo? Na hii kofia, nani amewaambia muweke?"

"Nilisoma kwamba ndivyo wakoloni walivyovaa," mwalimu akajibu, akiwa amesimama kando ya jukwaa, mikono imefumbatwa. "Kama kuna mtu mwingine amefanana nao, hilo mimi sikulitunga."

Nilikuwa ukumbini, na ninaapa kwamba hata mkuu wa shule alitaka kucheka kabla hajakumbuka mshahara wake. Polisi waliokuja kumlinda mgeni wa heshima waliondoka na mwalimu. Alishinda kituoni akiulizwa jina la kiongozi wa wakata miwa na kama ana jamaa Uganda, ambako serikali ilidhani waasi wanajificha. Msichana aliyeigiza gavana alirudishwa nyumbani kwa muhula mzima. Jambo hilo lilimuuma mwalimu kuliko kituo cha polisi. Alikwenda kwao na vitabu kila Jumamosi, akamfundisha uani, na msichana akafanya mtihani wake na kupita. Naye mwalimu akapewa uhamisho wa ghafla, hadi shule moja mbele ya Kehancha, kwa Wakuria, katikati ya mashamba ya tumbaku, isiyo na maktaba. Waliomhamisha waliamini wamemzika.

Nilimtembelea huko mwaka wa kwanza. Nilimkuta amekonda na amekasirika, lakini sivyo nilivyotarajia. Alikuwa amewaambia wasichana watunge mashairi kwa lugha zao za mama, kama alivyofanya kwingine kote, na wao wakatunga kwa Kikuria. Hakuelewa hata mstari mmoja. Walikuwa wakisoma darasa zima linacheka, yeye akiwa amekaa mbele kama mzungu aliyeletwa kutazama ngoma. "Miaka yote nahubiri watu wajivunie lugha zao," akaniambia akimenya viazi, "kumbe nilikuwa namaanisha Dholuo, lugha ya mama yangu tu." Kisha akacheka kile kicheko chake, ila safari hii hakukimaliza. Akaomba wanafunzi wamfundishe. Walimu wenzake walimwona anajidhalilisha. Ilimchukua zaidi ya mwaka kabla hajaweza kusahihisha shairi bila kuuliza, na hata alipopata nafasi ya kurudi Homa Bay, aliikataa.

Tulimzika kwao Kendu Bay. Hotuba zilikuwa nyingi na za Kiingereza. Mheshimiwa mmoja, amevaa suti nzito ya pande tatu huku jasho likimtiririka shingoni, alimsifu marehemu kwa "kulinda Uafrika wetu", kwa lafudhi aliyoinunua London na ambayo bado haijamkaa sawa. Kasisi alimtaja kwa jina la ubatizo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilitumia. Ndipo wakasimama wanawake vijana waliotoka upande wa Kuria, wanafunzi wake wa zamani, na mmoja akaanza kusema shairi kwa Kikuria. Mfawidhi akamkimbilia na kipaza sauti.

"Dada, tafadhali, tumia Kizungu ama Kiswahili. Watu hawaelewi."

"Najua hamuelewi," yule mwanamke akamjibu kwa Kiswahili. "Mwalimu pia hakuelewa. Yeye alikaa chini, akasikiza."

Akaendelea. Mheshimiwa alitazama saa, akaenda kutafuta gari lake. Wengine walielekea kwenye sufuria. Tuliobaki tulisikiliza shairi refu ambalo sikuambulia ndani yake neno lolote isipokuwa jina la rafiki yangu, na ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza siku ile.

Nimeulizwa na vijana kama harakati zile za Paris, Harlem na visiwani bado zina maana kwetu, sasa kwa kuwa tuna bendera. Nawajibu kwamba waliozianzisha walifanya kazi ngumu, walimwambia bwana mkubwa usoni kwamba si yeye kipimo cha binadamu. Sisi tulipokea kazi yao, tukaifanyia sherehe, tukavaa sare za bwana na kuendelea na mkutano. Iliyobaki ni kazi isiyopigiwa makofi: kunyamaza mwenzako mnyonge anaposema kwa lugha yake, na kukubali kwamba kwa muda huo mjinga ni wewe. Asiyeliweza hilo asituhubirie Uafrika. Atafute gari lake, aende.