Timu Tuliyoizika Kabla ya Msimu

Mwanangu, kuna alasiri moja ambayo kila nikiikumbuka nashindwa kukaa kitini, na wiki hii umenikumbusha mara nyingi mno. Tangu juzi unazunguka uani na simu mkononi, unawasomea wenzako pronostiki za watu usiowajua: timu hii itapanda, ile itashuka, Nyundo yetu ya hapa Dilala imekwisha. Najua pia kwamba watu wa timu ya Radi, kule Mutoshi, wamekupigia simu. Hukuniambia, lakini hizi nyumba za zamani za kampuni ya mgodi zina kuta nyembamba. Basi weka simu mfukoni kidogo. Kaa. Ukishindwa kukaa, sikiliza ukiwa umesimama, maana mimi pia nilikuwa hivyo hivyo.

Nilikuwa na umri wako, winga wa kushoto wa Nyundo, na mama yangu alikuwa akisema alinizaa njiani ndiyo maana sijui kutulia. Mwisho wa kiangazi ndio ulionitesa kuliko wakati wowote. Ligi haijaanza, mvua haijanyesha, uwanja ni vumbi jekundu tupu, na mtu huna la kufanya isipokuwa kungoja. Hapo ndipo mji mzima hugeuka kuwa manabii. Kinyozi anajua nani atakuwa bingwa. Shemasi anajua. Mama anayeuza makaa anajua, na anakuambia huku akikufungia mfuko. Nilikuwa nazunguka kwa wote hao, asubuhi kwa huyu, jioni kwa yule, nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba mwaka huo mambo yangu yatanyooka. Kila niliyemsikiliza alinizidishia wasiwasi, na bado kesho yake nilirudi kwake.

Kocha wetu alikuwa Tata Kalenga, tata kwa maana ya baba, kwa heshima. Mchana fundi wa karakana mgodini, jioni kocha. Alikuwa na desturi yake ambayo wewe unaijua kwa kuila tu, hujui ilikotoka. Siku ya posho, yaani Jumamosi, ile ya mwisho kabla ya ligi kuanza, aliwaita wachezaji wote nyumbani kwake. Mkewe, Mama Adèle, alisonga bukari, ugali wetu wa mahindi, akapika sombe, kisamvu chetu, na samaki, na kando aliweka beseni la jezi alizozifua na kuzikunja mwenyewe. Unakula, unanawa, unachukua jezi yako. Basi. Hakukuwa na kutia sahihi popote. Aliyekula bukari ya msimu pale hakuondoka Nyundo hadi ligi iishe, hata angeitwa na nani. Asiyekuja kula hakulaumiwa, ila kila mtu alijua maana yake.

Mwaka huo Tata Kalenga alikufa siku chache kabla ya bukari hiyo. Aliumwa kifua jioni, asubuhi hayupo. Sijui nikuambie nini juu ya hilo. Nililia mpaka nikaona haya.

Kilio kilikuwa pale pale kwake. Ndugu zake walikuwa njiani kutoka Sandoa, barabara mbaya, kwa hiyo mazishi yalisubiri na sisi tulisubiri. Unajua kilio chetu kilivyo. Wanawake ndani na mjane, juu ya mikeka. Wanaume nje chini ya turubai, kwenye viti vya kuazima vya parokia. Mtu hawezi kulia mfululizo. Mwishowe maneno huhama, na kwa kuwa tulikuwa tunamlilia kocha, yalihamia kwenye ligi.

Aliyeyashika ni Tata Mulaji, mshabiki wetu mkubwa, muuza nyama, mwenye sauti ya kuita watu sokoni hata akiwa anasali. Alianza taratibu, kwa heshima. Kisha akanoga. Akaipanga ligi nzima, timu moja baada ya nyingine, nani juu nani chini, na watu wakasogeza viti.

"Radi ya Mutoshi njo itakamata kombe," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi. "Iko na batoto ba bachimbaji, bale banazoea kukimbia polisi ya mugodi. Nani atabashika?"

"Na Nyundo, tata?" mtu akauliza.

Tata Mulaji akaelekeza kidevu kwenye nyumba. "Nyundo njo ile tuko tunazika. Bila Kalenga, hakuna kintu. Mbele ya Pasaka itakuwa ilisha kushuka."

Watu walicheka, kile kicheko cha kilioni cha kufunika mdomo. Nilimtazama Ilunga, nahodha wetu. Alikuwa anachorachora vumbi kwa kidole cha mguu. Golikipa wetu alikuwa ameshaanza kumuuliza jirani yake, kwa sauti ya chini, kama Radi wana golikipa. Na mimi? Moyo wangu ulikuwa unaenda mbio, na nisikudanganye, haikuwa huzuni peke yake. Mtu wa Radi alikuwa amenifuata wiki iliyotangulia. Sikumjibu, kwa sababu sikujua nitamtazamaje kocha usoni. Sasa kocha hayupo, na Tata Mulaji alikuwa amenifungulia mlango. Kama timu imekufa, nani atasema nimeiacha? Nikainuka kwenye kiti ili niende Mutoshi mchana uleule kwa baiskeli ya mjomba wangu, na kocha wetu hata hatujamzika.

Hapo ndipo Mama Adèle alipotoka.

Mjane hatoki kwa wanaume wakati wa kilio, mwanangu, hasa kwa watu wetu wa zamani. Alitoka ameshikwa na dada yake, kitambaa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, ikabidi tuinamishe vichwa kumsikia.

"Batata, na batoto yangu," alisema, "niko nasikia kule ndani. Mulikuya kulia mutu moya. Mutu moya tu njo alikufa mu hii nyumba. Ekipe ya Nyundo, ilikufa lini? Nani aliona maiti yake?"

Akamgeukia Tata Mulaji.

"Tata Mulaji, weye unajua mambo ya Pasaka. Siku ya Mungu, kisha misa, ulikunywa chai hapa na bwana yangu, mulicheka pamoja. Ulijua kama kesho yake hatakuwa? Haukujua. Na ulikuwa karibu yake sawa vile uko karibu yangu sasa. Basi ile ya Pasaka unaitoa wapi?"

Tata Mulaji alivua kofia.

Kisha mama yule akatutafuta kwa macho sisi wachezaji. Mimi nilikuwa nimesimama, kwa hiyo alianza na mimi.

"Kalenga alikufa, lakini bukari ya musimu itaiva. Siku ya posho. Mwenye atakula, akuye akule. Mwenye ataenda kwingine, aende na amani, mi sina kasirani naye. Lakini asiende kusema ekipe ilikufa. Aseme: miye nilitoka. Aseme na kinywa yake."

Akarudi ndani. Nikakaa.

Sikwenda Mutoshi siku ile, lakini usidhani nilitulia. Tulimzika Tata Kalenga, na kati ya mazishi na siku ya posho nilikuwa mtu wa ajabu. Nilifua soksi zilizokuwa safi. Nilienda kwa kinyozi sina nywele za kukata. Nilikubaliana na nafsi yangu kwamba nabaki, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshakubaliana nayo kwamba naondoka. Mama yangu alinifukuza uani akasema namtia kizunguzungu.

Siku ya posho asubuhi nilitoka kweli, kwa njia ya Mutoshi. Nilifika pale wachimbaji wanapopumzisha magunia yao, nikashuka kwenye baiskeli. Nilikuwa najaribu mdomoni maneno nitakayowaambia Radi. Nilisema, "Nyundo ilikufa." Nikaisikia sauti ya yule mama ikiniuliza maiti iko wapi. Nikasema, "Miye nilitoka." Hilo nilishindwa hata kulimaliza, na hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa wachimbaji waliochoka. Basi nikageuza baiskeli. Nilikuwa na hasira na Mama Adèle, hasira kubwa, na nilikanyaga kwa nguvu zote nikiomba bukari isiwe imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa nyingi mno, na hilo ndilo lililoniumiza. Familia ilikuwa imemkataza mjane kushika mwiko kabla matanga hayajaisha, kwa hiyo Mama Adèle alikaa kwenye kigoda kando ya moto akimwelekeza dada yake: ongeza unga, geuza, bado kidogo. Alikuwa amepikisha kwa ajili ya timu nzima, na sisi tuliokuja hatukujaza hata mkeka mmoja. Ilunga alikuwepo. Golikipa hakuwepo. Nilinawa, nikamega, nikabaki na tonge mkononi nikihesabu nafasi zilizo wazi.

"Kula, mwana," Mama Adèle aliniambia. "Iko ya moto."

Nikala. Tulipochukua jezi zetu, beseni lilibaki limejaa.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu wazee wengi wakifika hapa husema uongo. Unangoja nikuambie tulichukua kombe. Hatukuchukua. Tulishuka daraja. Tuliazima vijana wa kwaya, tukafungwa kwenye vumbi, mvua zikaja tukafungwa kwenye tope, na Pasaka ilipofika kila kitu kilikuwa wazi. Tata Mulaji alipatia. Kuhusu Radi alikosea kabisa: mvua zilipoanza, wale batoto wake wa mbio walikwama kwenye matope wakamaliza katikati huko. Lakini hilo hakuna aliyekwenda kumuuliza. Manabii wa mpira wana bahati hiyo, na wa kwenye simu yako pia wanayo.

Ila kuna jambo ambalo hakulitabiri yeye wala mwingine. Mechi yetu ya mwisho, tukiwa tumeshashuka, watu walijaa uwanjani. Tata Mulaji mwenyewe alisimama kwenye mstari akatupigia kelele mpaka ile sauti yake ya sokoni ikakatika. Na Mama Adèle, ambaye miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kukanyaga uwanjani, alikuja na beseni. Tulitoka sare, sare ya bure isiyobadilisha chochote. Alipita kwa kila mmoja wetu, tukavua jezi zenye tope tukamwekea. Akalipandisha beseni kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwaka inakuya nitapika tena."

Nililia pale mbele ya watu wote, na safari hiyo sikuona haya.

Mwaka uliofuata mikeka haikutosha. Golikipa alirudi, akala ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemsema. Timu hiyo ndiyo unayoichezea leo. Mama Adèle ametutoka, binti yake ndiye anayesonga sasa, na kesho ni siku ya posho. Unajua. Ndiyo maana hujatulia. Mimi pia tangu asubuhi nimefungua redio na kuifunga, nimetoka hadi barabarani kwenye pikipiki za teksi, nimesalimia watu, nimerudi bila kununua kitu. Mzee mzima.

Na nikuambie siri: mimi pia nimeshapiga pronostiki yangu. Ukiniuliza, msimu huu tutateseka. Mabeki wetu ni wazito, na mshambuliaji anapenda kioo kuliko goli. Huenda tukashuka. Huenda simu yako inasema kweli.

Lakini nasaha yangu haihusu kujua nani atashuka. Tabiri, mwanangu. Ni tamu, mimi mwenyewe siwezi kuacha. Ila utabiri usikusaidie kujificha. Ukitaka kwenda Radi kwa sababu wana uwanja mzuri, au kwa sababu unataka jina, nenda, na begi lako nitalibeba mimi mpaka kwenye pikipiki. Ukifika, sema: niliondoka mwenyewe. Usiseme Nyundo imekufa wakati wenzako wako uwanjani wanafunga kamba za viatu. Na si mpira tu. Utayasikia hayo hayo juu ya ndoa, juu ya kazi, juu ya mji wetu huu wa Kolwezi ambao tangu nizaliwe watu wanautangazia kifo. Kila wanaposema jambo limekwisha, lisogelee kwanza, ulitazame kwa macho yako, uulize kama yule mama alivyouliza. Likiwa bado linapumua, amua kubaki au kuondoka, lakini amua kama mtu anayeacha kilicho hai.

Mungu akulindie magoti kwenye vumbi na kwenye tope. Akupe pumzi mechi inapokaribia kuisha, na kinywa cha kusema neno lako mwenyewe, jezi yoyote utakayoivaa. Akurudishe nyumbani mzima kila jioni, umeshinda au umefungwa.

Kesho mimi nitawahi. Nitakaa karibu na beseni, nitakushikia nafasi mkekani, na sitamruhusu mtu kukaa hapo mpaka bukari ipoe.