Mawazo, Msichana wa Behewani

Ungekuwa nami asubuhi ile kwenye bandari ya Kindu, rafiki yangu, ungecheka. Mtumbwi wa injini ulikuwa unavuka mto Lualaba kutoka Alunguli, ng'ambo, umejaa kama kawaida: mihogo, mikungu ya ndizi, mbuzi, akina mama na mabeseni yao. Katikati yao walisimama vijana wenye nywele za zambarau, za buluu, za kijani kibichi. Mmoja alikuwa na masikio ya paka, mwingine amefunga upanga wa ubao mgongoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na jua lilikuwa bado changa. Mama mmoja aliyekaa karibu na yule wa masikio alikuwa anamshikia mkia wake usilowe.

Vijana wa Kindu walikuwa wanafanya tamasha lao la kwanza la anime, katuni za Kijapani, katika ukumbi wa shule. Mimi nilikuwa nimetoka Kinshasa kwa ndege kwa ajili hiyo tu. Ni muuguzi, watoto wangu wamekuwa wakubwa, na nyumbani wanasema umri wangu si wa kucheza. Lakini kila mwaka huko Kinshasa mashabiki wanapokutana, kila mtu amejivika kama mhusika anayempenda, mimi nami huvaa nywele zangu za njano zilizosimama kama majani ya nanasi, nikajitupia joho langu la gunia, nikaenda. Wamenizoea. Wananiita Mama Nanasi. Kila mara nawauliza wale wajuzi, wanaojua katuni hadi zile za zamani kabla hawajazaliwa, kama wamewahi kumwona msichana wa namna hii, anayetembea juu ya mawingu akitafuta kijiji chake kilichobebwa na upepo. Wanafikiri, wanapekua simu zao, wananionyesha huyu na yule. Hapana. Si yeye.

Nilimjua hapa Kindu, wakati wa vita.

Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi vita vilipotufungia mjini. Mjini walikuwa askari wa waasi, msituni walikuwa wapiganaji wengine, waliojivika nyuzi za rafia na majani, na sisi tulikuwa katikati, hatuwezi kwenda shambani wala kwenda mbali. Treni ya kutoka kusini haikuja tena. Nakumbuka watu wakinyamaza ghafla katikati ya maongezi, wakidhani wamesikia honi yake. Chumvi ilikuja kwa ndege, na ndege ilikuja ikitaka. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa akitia chumvi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, kama mtu anayetia dawa jichoni. Asubuhi vinu vya majirani vilijibizana barabara nzima, majani ya mihogo yakipondwa, na ungesikia kinu fulani kimenyamaza ungejua nyumba ile leo haina kitu. Bibi alikuwa akisema, "Vita njo ile inafanya bantu balale na viatu." Ndivyo tulivyolala, na viatu vyetu miguuni.

Jirani yetu alikuwa fundi wa reli. Treni iliposimama, kazi yake nayo ilisimama, lakini kila siku alikwenda stesheni akapaka grisi vyuma ambavyo havikuwa na safari. Alikuwa na televizheni ya nyeusi na nyeupe, mashine ya kaseti za video na jenereta ndogo iliyokohoa kama mzee. Siku moja alivibeba vyote hadi kwenye behewa tupu la mizigo, lililokuwa limeachwa kwenye reli ya pembeni, nyasi zimelifika magurudumu. Akatundika blanketi mlangoni, ndani kukawa giza mchana kweupe. Mtoto aliingia kwa kuleta chochote: ukuni, chikichi chache, kikombe cha mchele kama kwao walikuwa nao. Mle ndani kulinuka chuma cha moto, mafuta ya mawese na jasho letu. Hakuna mahali duniani nilipopapenda kama pale.

Kaseti zilikuja na ndege za chumvi kutoka Bukavu, hazina maganda wala majina. Zilikuwa katuni za Kijapani zinazosema Kifaransa, nasi Kifaransa chetu kilikuwa cha kusalimia tu. Kwa hiyo jirani alimwomba mwalimu aje. Shule yetu ilikuwa imefungwa, askari walilala madarasani, na mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa amekaa bure. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya usogee. Alisimama kando ya televizheni na kutuambia kwa Kiswahili kila kinachosemwa.

Hivyo ndivyo alivyoingia Mawazo. Mwalimu alisema ndilo jina lake, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu kwamba msichana wa Kijapani anaitwa Mawazo. Nilidhani Japani iko nyuma ya Punia, kule barabara inakoishia msituni. Mwalimu alisema nywele zake ni za njano, nasi, mbele ya kioo kile cha kijivu, tuliziona za njano. Alikuwa ametumwa kisimani, mwalimu akasema, na aliporudi alikuta upepo umebeba kijiji chote, nyumba, mbuzi, mama yake, sufuria motoni. Basi alipanda juu ya mawingu kukitafuta. Kila kaseti alifika mahali papya. Alipigana na majitu, alivuka mito, alikula wali uliofungwa kwenye jani. Siku moja alionekana na kovu shavuni, na kaseti iliyofuata kovu halipo. Tulimuuliza mwalimu. Alikitazama kioo, akatujibu kwamba limepona, mama mmoja wa njiani alimpaka dawa. Tukafurahi kwa ajili yake.

Halafu petroli ikaisha mjini, na ndege zikapungua. Jenereta ikanyamaza kabla Mawazo hajafika kwao. Sisi tuliendelea kwenda behewani hata hivyo, tukakaa gizani mbele ya kioo kisichowaka. Mwalimu naye alikuja. Sijui ni nani aliyesema kwanza kwamba tuicheze wenyewe hadithi ile, mbele ya wazazi. Nakumbuka tu kwamba mwalimu alinitazama mimi akasema mimi ndiye Mawazo.

Bibi hakupenda. Kwake picha zile zilikuwa mambo ya wasio na swala. Lakini alipoona nashona joho kwa gunia la unga wa msaada, najichoma vidole tu, alininyang'anya sindano. Alishona mpaka adhuhuri, akaweka na pindo la kikwembe, kitenge chake chekundu. Nywele tulizitengeneza kwa nyuzi za rafia, tukazichemsha na manjano, tukazisimamisha kwa ulimbo. Panga zilikuwa za mianzi. Waliocheza majitu walijipaka masizi. Niamini, sijaona tena mavazi mazuri kama yale, hata Kinshasa.

Tulitoka stesheni mchana, tukiimba, kuelekea uwanja wa misheni ambako wazazi walikuwa wanangoja. Mwalimu alitangulia. Bibi alifuata nyuma na beseni la mikate ya mchele. Njiani kulikuwa na bariere ya askari, gogo limelazwa barabarani. Tulipita pale kila siku na hawakuwa wakitujali.

Siku hiyo waliona rafia. Waliona watoto wamepakwa masizi, wamevaa rafia, wameshika silaha za mianzi, wanaimba. Umeshaelewa. Sisi hatukuwa tumefikiri, na mwalimu naye, katika furaha ile, hakuwa amefikiri. Nilisikia chuma cha bunduki kikivutwa, sauti ndogo sana. Tuliambiwa tukae chini. Askari mmoja alimshika mwalimu mkono na kumwambia kwamba anafundisha watoto vita vya msituni. Alimvuta kando, ukutani.

Bibi aliliweka beseni lake barabarani. Alikuja akakaa kwenye vumbi katikati yetu, na kikwembe chake kizuri cha kutokea. "Kama munakamata batoto," alisema, "munikamate na mie." Alisema taratibu, kama anayeomba nafasi kwenye benchi.

Kamanda wao akaitwa. Alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mwalimu alimweleza kuhusu katuni na mchezo, naye hakuonekana kusikia. Alinijia mimi, akainama, akashika ile rafia kichwani.

"Hii nywele njo ya nani?"

"Ya Mawazo," nilisema.

"Mawazo njo nani?"

Yalinijia maneno ya mchezo tu, nikayasema kama nilivyokuwa nimeyakariri. "Ninatafuta kijiji yangu. Upepo iliibeba. Nilikuwa kisimani."

Askari mmoja alianza kucheka, akaacha. Kamanda alibaki ameinama. Kisha aligeuka, akamuuliza mwalimu, ambaye bado alikuwa ukutani, "Na aliipata?"

Mwalimu alinitazama. "Bado," alisema. "Yeye iko mu njia."

Sijui kijana yule alikuwa ametoka kijiji gani, wala kama kilikuwepo bado. Alisimama, akaamuru rafia yote ichomwe. Tulivua nywele zetu, wakazilundika barabarani na kuzitia moto, na moshi wake ulikuwa wa njano, wenye harufu ya pilau. Kisha akaondoa gogo mwenyewe tupite.

Tulicheza mchezo wetu vichwa vitupu. Wazazi walikuwa wameshasikia habari, wengine walikuwa wanalia kabla hatujaanza. Mwisho, ambao hatukuwa nao, mwalimu aliusimulia mwenyewe akiwa amesimama katikati ya uwanja: upepo ulichoka kubeba kijiji kile, ukakishusha polepole kando ya mto mkubwa, na sufuria ilikuwa bado motoni. Bibi aligawa mikate. Ilikuwa imepoa, ina vumbi, na tuliila yote.

Njia zilipofunguka, mwalimu alikuwa wa kwanza kuondoka. Nilimwona akivuka kwenda Alunguli kwa mtumbwi, amefunga mzigo mdogo kwa kikwembe, amekaa wima. Hakutazama nyuma. Nilikasirika naye, kwa namna watoto wanavyokasirika. Baadaye treni ya kwanza ilikuja, mji mzima ukakimbilia stesheni, na ilipoondoka iliondoka na behewa letu. Miaka ikapita, bibi akafariki, nikaenda kusoma Kinshasa. Siku moja mtu mmoja wa huko aliniambia kuna vijana wanajivika kama katuni katika ukumbi fulani. Nilikwenda siku hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye asubuhi ile ya mtumbwi. Kabla ya tamasha nilipita kumsalimu jirani yetu wa zamani, yule fundi wa reli. Ni mzee sasa, anaona kwa jicho moja, lakini aliponiona na nywele zangu alicheka mpaka akashika ukuta. Aliniuliza kama bado nampenda yule msichana wa katuni. Nikamwambia nimemtafuta miaka yote, hakuna anayemjua.

"Binti yangu," alisema, "ile makaseti haikukuwa hadithi moja. Kila moja ilikuwa na msichana wake. Mwalimu njo alikuwa anaunganisha."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Aliendelea, akitazama mikono yake. Alidhani nilijua. Mwalimu alikuwa na binti, wa umri wangu, jina lake Mawazo. Alimpeleka likizo katika mji wa Kama, kwa mama yake yeye mwalimu, na vita vikafunga njia kabla likizo haijaisha. Wakati wote ule, mwalimu akisimama kando ya televizheni na sauti yake ya chini, hakujua kama mtoto wake anaishi. Hakutaka tuambiwe. Alimwambia jirani kwamba mle behewani angalau anamwona akitembea.

Nilimuuliza kama walionana. Jirani alisema kuna mchimba dhahabu aliyepita Kindu, akasimulia kwamba huko Kama kuna mwanamke mwembamba anayefundisha Kifaransa, na msichana mrefu anayembebea mfuko wake. Mchimba huyo hakuuliza majina. "Mi ninaamini," alisema jirani. Nami nimeamua kuamini.

Nilipita stesheni kwa miguu. Mahali behewa liliposimama kuna mtu amepanda matembele, yamestawi sana. Bariere haipo. Uwanja wa misheni umejengwa. Katika ukumbi wa shule vijana walikuwa wamejaa, simu juu, muziki wa Kijapani, harufu ya samaki wa kukaanga kutoka nje. Kila mmoja ana katuni yake mfukoni, anaitazama peke yake, anasoma mwenyewe maneno yaliyo chini, haulizi mtu. Nawapenda, na siwaonei huruma. Lakini nilisimama pale nikaona kwamba hakuna tena mahali ambapo tunakaa wote gizani kumsikiliza mtu mmoja anayetuambia tunachokiona.

Msichana mwenye kipaza sauti alinijia ili anitambulishe. Aliniuliza, kwa adabu, mimi ni nani.

"Mawazo," nilimwambia.

"Wa filamu gani, mama?"

Nilimwambia ni ya hapa Kindu. Alifikiri hajasikia vizuri kwa sababu ya kelele, akatabasamu, akataja jina tu. Nilipanda jukwaani na joho langu la gunia, nikageuka taratibu kama wanavyofanya, nao wakanipigia makofi marefu, ya heshima, kama wanavyompigia mgeni aliyetoka mbali.